Kondensa Mnayoisahau: Dhana Potofu Kuhusu Hadubini

Kazi yangu ni kusoma slaidi za damu katika maabara moja hapa Kisumu, kando ya ziwa, ambako malaria ipo mwaka mzima. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi huja na dhana zilezile.

Dhana: Hadubini bora ni ile inayokuza zaidi.

Ukweli: Kukuza ni hesabu tu. Lenzi ya macho ikuzayo mara 10 na lenzi ya chini, iliyo karibu na slaidi, ikuzayo mara 100 hukupa mara 1,000. Lakini mwanga wenyewe una kikomo, kama Ernst Abbe alivyoeleza mwaka 1873: vitu viwili vikikaribiana kupita takriban maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), utaviona kama kimoja. Ukizidi kukuza hapo, unakuza ukungu. Ndiyo sababu virusi vya Ukimwi, vyenye upana wa kama maikromita 0.1, havionekani kwa hadubini hii. Wagonjwa huniuliza kama nimeviona kwenye damu yao, nami huwaeleza taratibu kwamba kipimo chake ni kingine.

Dhana: Kondensa na kiwambo ni vya kuongeza au kupunguza mwanga.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kondensa, iliyo chini ya meza ya slaidi, hukusanya mwanga ukaingia kwenye lenzi kwa upana unaotakiwa. Kiwambo huubana au kuufungua upana huo. Ukikibana mno, kingo za seli hukolea na picha hupendeza, kumbe vitu vidogo vimeshapotea. Mwanga ukikuchoma macho, punguza taa. Kwa slaidi iliyotiwa rangi, ukiwa kwenye lenzi ya 100, kondensa iwe juu na kiwambo wazi.

Kimelea kichanga cha falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, ni pete nyembamba, kama moja ya tano ya upana wa seli nyekundu, na seli yenyewe ni maikromita 7 hivi. Niliwahi kukaribia kuandika "hakuna" kwenye damu ya mtoto, kondensa ikiwa imeshushwa. Mwenzangu aliipandisha, na pete zikajitokeza palepale. Tangu siku hiyo mkono wangu huanzia kwenye kondensa.

Dhana: Mafuta ya lenzi ni ya kulainisha.

Ukweli: Mafuta hayo hupinda mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo mwanga hautawanyiki hewani kabla ya kufika kwenye lenzi ya 100. Ya kupikia hayafai. Na lenzi ya 40 isiguswe na mafuta kabisa. Ikichafuka, ifute kwa karatasi ya lenzi, si kwa leso.

Picha kwenda kushoto unaposogeza slaidi kulia si ubovu, lenzi huigeuza. Skrubu kubwa ya kurekebishia picha nayo iache ukishafika lenzi ya 40, utavunja slaidi.

Kisha usiharakishe. Tone nene la damu kwenye slaidi haliandikwi "hakuna" kabla hujapitia angalau sehemu 100 za kuonea kwa lenzi ya mafuta, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.