Jino la twiga, jino la kiboko na mvua za kale

Ukitaka kujua kama bonde la Turkana lilikuwa kame au lenye unyevu miaka milioni mbili iliyopita, tafuta jino la twiga na jino la kiboko wa zama hizo.

Wanyama hawa hupata maji kwa njia tofauti kabisa. Kiboko hushinda mtoni. Twiga hunywa kwa nadra. Maji yake mengi huyapata kwenye majani anayokula. Oksijeni iliyomo majini ina aina nyepesi, oksijeni-16, na nyingine nzito iliyo adimu, oksijeni-18. Jani likipigwa na jua, ile nyepesi hutangulia kuondoka na mvuke, nzito ikabaki. Hewa inavyozidi kuwa kavu ndivyo jani linavyozidi kulimbikiza oksijeni nzito, na twiga huijenga hiyo hiyo katika meno yake. Maji ya mtoni hayabadiliki kiasi hicho, ndiyo maana kiboko anafaa kulinganishia. Meno hayo mawili yakitofautiana sana, nchi ilikuwa kame. Mtafiti Naomi Levin na wenzake waliieleza njia hii mwaka 2006.

Sisi watafiti tunapendelea jino kuliko mfupa kwa sababu mfupa una vitundu vingi, na maji ya ardhini huupenya na kuibadili kemia yake. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ni madini kwa takriban asilimia 96, tena imeshikamana. Tunakwangua unga wa miligramu chache kwa kekee ndogo, tunautia asidi ya fosforiki, kisha tunapima gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka.

Gesi hiyo hutueleza pia mnyama alikula nini. Nyasi za savana, sawa na mahindi na mtama, huwa na kaboni-13, aina nzito ya kaboni, nyingi kuliko majani ya miti na vichaka. Kwa kipimo hicho tumejua kwamba tembo wa kale wa Turkana walikula nyasi zaidi, ilhali tembo wa leo hutegemea zaidi miti na vichaka.

Hapa wengi hujikwaa. Huona nyasi zimeenea, wakahitimisha kwamba nchi ilikuwa inakauka. Mwaka 2017 mtafiti Scott Blumenthal na wenzake walichapisha vipimo vya oksijeni vya meno ya Afrika Mashariki, ya tangu miaka milioni 4.4 hadi miaka 10,000 iliyopita. Hawakuona ukame ukiongezeka mfululizo. Kwa maoni yangu, simulizi kwamba nchi iliyozidi kukauka ndiyo iliyowabadilisha mababu zetu haiwezi tena kusemwa kirahisi.

Vipimo hivi havina maana bila umri wa jino, na umri huo tunaupata kwenye majivu ya volkano yaliyolala juu na chini ya tabaka lake. Kwa hiyo ukikuta jino la kale korongoni, usiling'oe. Lipige picha, kariri mahali, umwarifu afisa wa mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu. Likishahamishwa bila kumbukumbu, kemia yake tutaipima, lakini hatutajua ni mvua za zama zipi.