Nasaba za kamba wa maji baridi: yanayosemwa na yaliyopimwa

Kamba mkubwa wa maji baridi, Macrobrachium rosenbergii, ni mwenyeji wa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Leo anafugwa mabwawani mbali sana na mito aliyotoka, na kila muuzaji wa vifaranga ana nasaba anayoisifu. Sifa hizo nyingi hazijapita kwenye mizani.

"Wakivuliwa wengine wakubwa, wengine vidogo, ujue mbegu ni mbovu."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Madume wa kamba hawa wana madaraja matatu: wenye magando ya buluu, wenye magando ya rangi ya chungwa, na madume wadogo. Katika bwawa lililokomaa, takribani nusu ya madume huwa wadogo, wanne katika kumi ni wa chungwa, na mmoja tu katika kumi ndiye wa buluu. Huyo wa buluu ndiye bwana wa eneo: ukuaji wake umepungua, nguvu zake amezielekeza kwa majike. Wa chungwa ndiye anayenenepa haraka, na kwa kawaida hageuki buluu mpaka amzidi umbo mbabe aliye jirani yake. Dume mdogo naye amebanwa na wakubwa waliomzunguka. Waondoe hao, utamwona anaanza kukua, tena kwa kasi. Ndiyo maana wafugaji wengi huvua wakubwa kidogo kidogo badala ya kungoja kukausha bwawa mara moja.

Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana uzito mara kadhaa. Ukipewa wastani wa uzito wa nasaba mbili bila kuambiwa majike walikuwa wangapi na madume wa kila daraja wangapi, hujapewa ulinganisho.

"Kamba wa mtoni ana damu yenye nguvu kuliko aliyefugwa."

Vietnam walilijaribu jambo hili. Walichukua nasaba mbili za porini, ya mto Dong Nai na ya Mekong, wakaziweka pamoja na nasaba ya Hawaii iliyokwisha kuzoea kufugwa, kisha wakazipandisha kwa kila namna iwezekanavyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: uzao wa mama wa Hawaii ulikua haraka kuliko uzao wa mama wa porini. Na hao wa Hawaii wenyewe chimbuko lao ni Malaysia. Mtafiti Takuji Fujimura aliwaleta visiwani mwaka 1965, baada ya mtafiti mwenzake Shao-Wen Ling kugundua kule Penang, Malaysia, kwamba viluwiluwi wa kamba huyu hawaishi bila maji yenye chumvi kiasi.

Hata hivyo, si kila aliyefugwa ni bora. Kituo kinachozalisha kizazi baada ya kizazi kwa wazazi wachache hujikuta kinaozesha ndugu kwa ndugu. Kuna na kosa jingine, la kimyakimya zaidi: wakubwa wanauzwa, kisha wazazi wanaokotwa miongoni mwa majike yeyote waliobaki wakiwa na mayai. Kwa mtindo huo mfugaji anaweza kuwa anachagua wanaowahi kupevuka, huku akidhani anachagua wanaokua.

"Changanya nasaba mbili za mbali, watoto watazipita zote."

Jaribio lilelile la Vietnam lilionyesha nguvu ya uchotara kuwa ndogo mno. Kilicholeta tofauti ni nasaba zenyewe, na nani kawa mama. Kwa maoni yangu, anayeuza "chotara" kwa bei ya juu aonyeshe kwanza mizani yake. India walishika njia ndefu: kuanzia 2007 walikusanya kamba wa Gujarat, Kerala na Odisha, wakawa wanachagua familia zinazokua vizuri kizazi hadi kizazi.

"Mbegu ya madume watupu ni nasaba mpya."

Hapana, hiyo ni mbinu. Dume ana kromosomu (nyuzi za urithi zinazoamua jinsia) ZZ, jike ana WZ. Watafiti wa Israel waliweza kumgeuza dume mchanga akawa jike kwa kuizima homoni ya kiume. Jike huyo bado ni ZZ, hivyo akipandwa na dume wa kawaida, watoto wote wanazaliwa madume. Inaweza kufanywa kwa nasaba nzuri au mbaya.

"Bwawa langu na la jirani yatuambie nani ana mbegu bora."

Kamba hawa hustawi zaidi kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 31. Bwawa lenye kina kidogo, lenye kivuli au lililojaa kupita kiasi litaipa nasaba sifa au aibu isiyo yake. Watafiti huwatia alama za rangi chini ya ngozi ya mkia na kuwalea pamoja ili maji yawe mamoja. Lakini hapo napo pana mtego: kundi lililoingia likiwa limetangulia siku chache tu huwa na wababe mapema, nao wakalikandamiza la pili mpaka siku ya mavuno. Jaribio zuri huanza na vifaranga wa umri mmoja na uzito unaokaribiana, hurudiwa katika mabwawa kadhaa, kila nasaba peke yake na pia zikiwa pamoja, na siku ya kuvua majike hupimwa kando na madume.