Kabla ya Kuomba Nyaraka za Jamaica, Jua Parokia ya Mwaka Ule

Tangu Baraza la Wawakilishi la Jamaica lipitishe, mwaka 2025, muswada wa kuufanya mji wa Portmore, ulioko St. Catherine, kuwa parokia ya 15, maombi ya nyaraka za kisiwa hicho yameongezeka mezani kwetu, na mengi tunayarudisha. Mwombaji anafungua ramani ya leo, anaandika parokia ya leo, kisha anataka tumtafutie mtu wa mwaka 1820. (Wapo pia wanaotuomba anwani ya paroko. Parokia hizi ni ngazi ya serikali za mitaa.)

Parokia 14 za sasa hazikushuka kutoka mbinguni. Waingereza waliwanyang'anya Wahispania kisiwa mwaka 1655, wakaanza kukigawa miaka ya 1660. Kadiri mashamba ya miwa yalivyoenea, parokia zilimegwa: Westmoreland ilitoka St. Elizabeth mwaka 1703, Hanover ikatoka Westmoreland mwaka 1723, Trelawny ikatoka St. James mwaka 1770. Manchester, mwaka 1814, ilichota ardhi ya Clarendon, Vere na St. Elizabeth. Hatimaye zikafika 22.

Oktoba 1865 yakazuka maasi ya Morant Bay, yaliyoongozwa na Paul Bogle. Wakubwa wa kisiwa waliingiwa na hofu, Bunge lao likajivunja, na Uingereza ikashika hatamu moja kwa moja. Gavana John Peter Grant alipunguza gharama za utawala, na mwaka 1867 parokia 8 zikafutwa. St. Dorothy, St. John na St. Thomas-in-the-Vale ziliingizwa St. Catherine, Vere ikaenda Clarendon, Metcalfe ikaenda St. Mary, St. George ikaenda Portland. Port Royal iligawanywa kati ya Kingston na St. Andrew. St. David iliungana na St. Thomas-in-the-East, ndiyo St. Thomas ya leo.

Tafadhali soma tena hapo. St. Thomas zilikuwa mbili. Mtu wa mji wa Linstead alikuwa wa in-the-Vale, upande mwingine kabisa na Morant Bay, iliyokuwa in-the-East. Ukiandika "St. Thomas, 1830" bila kufafanua, hatuna cha kufanya.

Kwenye fomu, tangulia na mwaka, kisha parokia ya mwaka huo, halafu shamba na mmiliki wake. Orodha za watumwa, zilizoanza 1817 na kurudiwa kila miaka 3, zilipangwa kwa parokia na wamiliki. Usajili wa vizazi wa kiserikali ulianza 1878. Kwa miaka ya nyuma tunategemea vitabu vya kanisa. Ombi lisilo na mwaka hurudishwa, na ukilileta upya unaanza foleni mwanzo. Ada ya utafutaji hairejeshwi hata tusipopata kitu. Kutuma ombi lilelile mara tatu hakuliharakishi. Linasajiliwa mara tatu na kutozwa mara tatu.

Kuhusu Portmore, ofisi haina msimamo. Hilo ni la Wajamaika na vyombo vyao. Ila muswada hauandiki upya vitabu vya zamani: anayemtafuta babu aliyezaliwa huko mwaka 1900 ajaze St. Catherine.