Mapacha hawatoki kwa mbegu mbili kuingia yai moja

Ssalongo, yaani baba wa mapacha kwa Waganda, husifiwa kwamba mbegu zake zilikuwa kali, zikaingia mbili kwa mpigo, ndiyo maana Nnalongo, mama yao, akajifungua mapacha. Nimelisikia hili mara nyingi mno, hata kwa waliosoma baiolojia mpaka kidato cha sita, na sitaliacha lipite tena. Mapacha wasiofanana ni mayai mawili yaliyopevuka mwezi mmoja, kila yai na mbegu yake. Wanaofanana ni yai moja na mbegu moja, kisha kiinitete kikagawanyika. Mbegu mbili ndani ya yai moja huleta kromosomu 69 badala ya 46, na mimba ya namna hiyo karibu kila mara haifiki. Basi sifa za Wasswa na Nakato, kama mapacha wanavyoitwa huko, zianzie kwenye ovari za mama yao.

Tena ubaya hauishii kwenye hesabu ya kromosomu. Kila mbegu huja na sentrioli yake, na hiyo ndiyo hupanga nyuzi zinazovuta kromosomu seli inapogawanyika. Mbegu zikiwa mbili, nyuzi huvutana pande tatu au nne. Yai lililopaswa kutoa seli mbili hutoa tatu au nne kwa mara moja, kila moja na mgawo wa ovyo.

Yai linajilindaje? Kwanza, kazi kubwa imeshafanywa kabla mbegu hazijalifikia. Humwagwa mamilioni ukeni, lakini zinazofika karibu na yai ndani ya mrija wa uzazi ni mamia tu, pengine pungufu. Shingo ya kizazi na mrija wenyewe vimeshachuja.

Baada ya hapo ndipo masomo ya shule yanapoingiza umeme, na ndipo ninapokosa subira. Mwanafunzi hukariri kwamba mbegu ikigusa tu, chaji ya utando huruka kutoka milivolti -70 hadi +20 hivi ndani ya sekunde 3, na mbegu nyingine zinagota. Ni kweli, kwa yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba kama nungunungu. Yeye humwaga mayai majini katikati ya wingu la mbegu, hivyo anahitaji kinga ya haraka. Chura naye ana umeme, ila wake hutokana na kloridi kutoka ndani ya yai, ilhali ule wa mnyama wa miiba hutokana na sodiamu kuingia. Lakini kwa mamalia waliopimwa, panya kwa mfano, chaji hubadilika kidogo na haizuii mbegu yoyote. Ngege, samaki wa Ziwa Victoria, hahangaiki hata na hayo: yai lake lina kitundu kimoja chembamba, mbegu hupita mojamoja, kisha kinazibwa. Na kuku huzipokea mbegu nyingi ndani ya yai lilelile, kiini cha mbegu moja kikaungana na cha jike, vingine vikaoza humohumo. Mtu akisema "yai hufunga mlango", muulize kwanza ni yai la nani.

La binadamu hufanya hivi. Mbegu ikishaungana na utando, hutia ndani kimeng'enya kiitwacho PLC zeta. Kalisi hupanda kwa mawimbi yanayorudia kwa saa kadhaa. Mawimbi hayo hufungua maelfu ya vifuko vilivyojipanga chini ya utando, navyo humwaga nje ovastasini, mkasi unaokata protini ya ZP2 kwenye zona pelusida, lile tabaka nene linalolizunguka yai. ZP2 ikikatwa, mbegu mpya haina pa kushika. Kazi hii huchukua dakika, si sekunde.

Na zile zilizokwisha kupita zona? Hizo hukataliwa na utando. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba protini ya mbegu iitwayo Izumo1 hushikana na ya yai iitwayo Juno, na kwamba yai la panya likisharutubishwa huivua Juno katika dakika 40 hivi. Kwa panya, nasema, ambaye zona yake ina protini tatu na yetu ina nne. Kwa binadamu bado kunabishaniwa nani anabeba mzigo mkubwa, zona au utando. Chini ya hadubini sababu ya ubishi inaonekana wazi: yai limerutubishwa vizuri, lina viini viwili tu, cha mama na cha baba, na bado mbegu mbili tatu zimekwama kwenye upenyo kati ya zona na utando, mikia imetulia. Zona iliziachia, utando ukazigomea.

Maabara ya IVF, yaani ya kurutubisha mayai nje ya mwili, haina mrija wa kuchuja. Mayai huwekewa mbegu 50,000 hadi 100,000 kwa mililita. Ukizidisha, mayai yenye mbegu mbili huongezeka. Yai lisilopevuka, vifuko vyake havijafika chini ya utando. Lililochakaa, vifuko vimeshaanza kuvuja au haviitikii vizuri. Saa 16 hadi 18 baadaye hukaguliwa viini. Vikiwa vitatu, usikimbilie kulaumu mbegu: hesabu vile viseli vidogo vinavyotupwa na yai pembeni. Viseli hivyo vikiwa viwili, yaelekea mbegu mbili ziliingia. Kikiwa kimoja tu, yaelekea yai limeshindwa kutupa seti yake ya ziada ya kromosomu, jambo linalotokea hata kwa ICSI, njia ya kudunga mbegu ndani ya yai kwa sindano, ambako mbegu iliyodungwa ni moja.

Wabishi watanitajia ripoti ya Marekani ya 2007 na ya Australia ya 2019, za mapacha wa yai moja na mbegu mbili. Zipo. Seti tatu za kromosomu zilijigawa upya, na seli za kutosha zikaishi. Ni nadra kiasi kwamba hazimwelezi Ssalongo yeyote wa mtaani.

Mbegu mbili zinapopenya kweli, kinachotarajiwa ni mimba kutoka mapema, au mimba zabibu ile ya nusu, ambapo kondo hujaa vifuko vya maji na mama huvuja damu. Kizazi kisafishwe hospitalini, kisha homoni ya mimba, hCG, ipimwe tena na tena mpaka itoweke, kwa sababu mabaki ya kondo hilo yanaweza kuendelea kukua. Kabla haijatoweka asishike mimba nyingine, maana hCG ya mimba mpya itaficha ile ya mabaki.