Bajeti ya kuwahudumia waathirika wa uhalifu: hesabu ianzie wapi?

Watu wanaopanga bajeti ya huduma kwa waathirika wa uhalifu wakikaa mezani, karatasi ya kwanza kufunguliwa huwa ni takwimu za polisi. Kuvunja nyumba kiasi hiki, kujeruhi kiasi hiki, ubakaji kiasi hiki. Fungu linagawanywa kwa uwiano huo, kikao kinafungwa, na kila mmoja anaondoka akiamini kazi imefanyika kitaalamu. Haijafanyika. Daftari la polisi linahesabu walioripoti, na wanaohitaji msaada zaidi ndio mara nyingi hawafiki kituoni: mke anayepigwa na mtu anayemlisha, mtoto anayenyanyaswa na ndugu wa karibu, mhamiaji anayeogopa kuulizwa vibali, mzee aliyetapeliwa akaona aibu kuwaambia wanawe.

Kwa sababu hiyo baadhi ya nchi zimekuwa zikienda kuwauliza watu majumbani kwao. Marekani inafanya utafiti wa namna hiyo tangu 1973, na Uingereza ilianza 1982: kaya zinachaguliwa, watu wanaulizwa walitendewa nini katika miezi iliyopita, wawe walikwenda polisi au hawakwenda. Kila mara pengo kati ya majibu hayo na daftari la polisi limekuwa kubwa, na kubwa zaidi kwenye ukatili wa kingono.

Eneo lisilo na fedha za utafiti kama huo bado lina njia. Daftari la majeruhi hospitalini, kumbukumbu za maofisa ustawi wa jamii, walimu wa ushauri nasaha shuleni, simu zinazopokelewa na mashirika ya msaada: kila kimoja kina sehemu ya picha. Vikilinganishwa na takwimu za polisi, tofauti ndiyo taarifa yenyewe. Kata ambayo hospitali inapokea wanawake wenye majeraha ya kipigo kila wiki huku kituo cha polisi hakina kesi hata moja haina amani. Ina watu ambao hawaoni pa kusemea, na bajeti inayofuata kesi itaipa sifuri.

Baada ya kujua ni akina nani, inafuata kujua wanahitaji nini na lini, na hapa napendekeza njia ambayo wahasibu hawaipendi: mfuate mtu mmoja hatua kwa hatua. Chukua mzee aliyevunjiwa mlango usiku, akapigwa na kuibiwa. Saa za mwanzo anahitaji matibabu na mtu wa kumweleza kinachoendelea. Usiku uleule anahitaji kitasa. Narudia, kitasa, kwa sababu katika mipango mingi kuna fungu la unasihi (ushauri nasaha) wa wiki 6, kuna vipeperushi, kuna warsha, lakini hakuna kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya kumrekebishia mlango mtu ambaye hatalala mpaka mlango ufungike. Siku chache baadaye ndipo woga wenyewe unapojitokeza: hatoki nje, hali chakula vizuri, anashtuka mlango ukigongwa. Miezi kadhaa ikipita, anapata wito wa mahakama. Anahitaji nauli, mtu wa kumsindikiza, na chumba cha kusubiri ambacho hatakaa ubavuni mwa ndugu za mshtakiwa. Kesi ikiahirishwa, anahitaji nauli nyingine.

Ukiiandika safari hiyo na gharama zake kando, unaona kwamba mahitaji mengi ni madogo kwa thamani ila yanadai kupatikana kwa wakati wake. Fungu dogo la dharura ambalo mhudumu anaweza kulitumia siku hiyohiyo bila kusubiri saini tatu lina faida kuliko fungu kubwa linalotoka baada ya miezi miwili. Unaona pia kwamba miezi ya kesi, ambayo ndiyo mirefu zaidi, mara nyingi haina hela kabisa.

Kwa ukatili wa kingono saa zenyewe zina hukumu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina ukomo wa siku 5. Mtu akianzia kituoni, akaelekezwa hospitali, akaambiwa arudi kuchukua fomu, akatumwa ofisi ya tatu, saa zinaisha njiani, na kila dirisha anasimulia upya yaliyompata. Vituo vya huduma za pamoja vilibuniwa kuondoa mzunguko huo. Afrika Kusini ilianzisha vituo vya Thuthuzela mwaka 2000 ndani ya hospitali za umma, vikisimamiwa na mamlaka ya mashtaka. Rwanda ilifungua kituo cha kwanza cha Isange mwaka 2009. Daktari, mpelelezi, mwanasheria na mnasihi wanamfuata mwathirika mahali alipo.

Wazo ni zuri, na linavutia wafadhili. Tatizo langu na vituo hivi liko kwenye bajeti: jengo hukatiwa utepe, zamu ya usiku haikatiwi. Nimesoma mipango mingi yenye michoro ya kuvutia ya vyumba, viti vya watoto na rangi za ukuta, isiyo na mshahara wa muuguzi aliyefunzwa ambaye atakuwepo saa tisa usiku siku ya Jumapili. Kituo kinachofungwa saa kumi na moja jioni kimewasahau wengi wa wale kilichojengewa.

Simu ya msaada nayo hudanganya hivyohivyo. Inaonekana rahisi: namba moja, chumba kimoja, mtu wa kupokea. Sasa piga hesabu. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40, kiti kimoja cha simu isiyofungwa kinataka watu 4.2, na hapo hujagusa likizo, ugonjwa wala siku za mafunzo. Ukivigusa unafika 5 au 6. Hicho ni kiti kimoja. Simu ya pili ikiita wakati huohuo, haipokelewi. Ongeza mtu wa kuwasimamia na kuwasikiliza wahudumu wenyewe, maana kusikia habari za namna ile kila siku kunamchosha mtu hadi anaacha kazi. Mpango unaotaja simu ya saa 24 ukiwa na waajiriwa wawili umeandikwa na mtu ambaye hakupiga hesabu hii.

Fedha zitoke wapi? New Zealand ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia waathirika wa uhalifu mwaka 1963, Uingereza ikaanzisha mpango wake 1964. Lakini fidia ni malipo kwa mtu mmoja, tena huja baada ya maombi na ushahidi, na huduma ni watu na ofisi ambazo lazima ziwepo kabla uhalifu haujatokea. Kuna nchi zilizoamua kwamba wahalifu ndio wagharimie. Mfano mkubwa ni mfuko wa serikali kuu ya Marekani ulioundwa kwa sheria ya 1984, ambao unaingiza faini na adhabu za fedha za mahakama za shirikisho badala ya kodi. Kimaadili inapendeza sana. Kimahesabu inatisha, kwa sababu mapato yanategemea waendesha mashtaka wamefanya nini mwaka huo. Kampuni kubwa zikitozwa faini nzito, mfuko unafurika. Kesi nyingi zilipoanza kumalizwa kwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ambapo kampuni inalipa na kutimiza masharti ili isishtakiwe, malipo yake yakawa yanakwenda hazina kuu na mfuko ukapungua, hadi sheria ikarekebishwa mwaka 2021 ili malipo hayo nayo yaingie. Idadi ya wanaopigwa na kubakwa haikuwa imepungua wakati mfuko ulipopungua.

Kwa maoni yangu faini na tozo za mahakama zitumike kuongezea. Mishahara ya msingi itoke kwenye bajeti ya kawaida ya serikali, kuu au ya mtaa, kama ilivyo kwa walimu na wauguzi. Mfuko ule wa Marekani una jambo moja la kuigwa, hata hivyo: kanuni zake zinayataka majimbo kutenga walau asilimia 10 ya ruzuku kwa waathirika wa ukatili wa kingono, asilimia 10 kwa wanaopigwa na wenzi wao, asilimia 10 kwa watoto, na asilimia 10 kwa makundi ambayo huduma zimekuwa hazifiki. Hilo la mwisho ndilo kinga dhidi ya daftari la polisi nililolisema mwanzo. Kenya nayo, katika sheria yake ya 2014 ya kuwalinda waathiriwa, iliunda bodi na mfuko maalumu. Kuwa na mfuko kisheria kunasaidia, mradi kila mwaka wa fedha kuwe na kitu ndani yake.

Je, maamuzi yafanywe ngazi ya chini au makao makuu? England na Wales zilihamishia sehemu kubwa ya huduma hizi kwa makamishna wa polisi wa kuchaguliwa kuanzia 2014. Walio karibu wanajua ni lugha gani zinazungumzwa, barabara gani haina usafiri, shirika gani linaaminiwa. Hasara yake ni kwamba mtu akiwa upande huu wa mpaka anapata mnasihi, na jirani yake upande wa pili anawekwa kwenye foleni. Hata England na Wales hazikushusha kila kitu: huduma kwa familia za waliouawa ilibaki ya kitaifa, kwa sababu katika eneo moja matukio ni machache na utaalamu unaohitajika ni mkubwa. Pasipo utaratibu wa kitaifa, maeneo matatu au manne yanaweza kuchangia mtaalamu mmoja.

Kwenye masharti ya ruzuku kuna mambo mawili ya kukagua kabla ya kutia saini. Mfadhili asidai majina ya waliohudumiwa, na huduma isitegemee kuripoti. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1985 linamtambua mwathirika hata kama mhalifu hajajulikana, hajakamatwa wala hajahukumiwa, na maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2012 yanasema wazi kwamba huduma za msaada zisifungwe kwenye malalamiko rasmi. Kipimo nacho kisiwe idadi tu. Shirika likipimwa kwa idadi ya watu, litahesabu kila simu iliyopigwa na kumkimbia yule anayehitaji mwaka mzima.

Halafu muda wa mkataba. Mkataba wa mwaka mmoja, kwa kweli, ni wa miezi saba: miwili ya kuajiri, saba ya kazi, na robo ya mwisho wahudumu wanatafuta ajira kwingine. Miaka mitatu ndiyo walau. Na pale zabuni inapomwangukia mtoa huduma mpya, mkataba wa zamani uwe umeshaeleza mafaili yatakabidhiwaje, nani ataomba ridhaa ya kila mwathirika kabla taarifa zake hazijahama, na nani atamlipa mhudumu wa awali kwa wiki zile ambazo kesi iko mahakamani na shahidi hataki uso mgeni.