Si kweli kwamba utafiti wa saratani ni kutujaribia dawa tu

Hapa Lamu ukikaa Mkunguni jioni hukosi kusikia "hao wa utafiti wa kansa watujaribia dawa, faida yaenda kwao". Hofu hiyo naielewa, manake zamani kuna watu walidhulumiwa kweli, lakini hebu tuangalie chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi.

Utafiti wa KEN SHE ulifanywa Kenya hii hii, Kisumu, Thika na Nairobi, KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani, wasichana 2,275 wakajitolea, na chanjo ilikuwa ishaidhinishwa kitambo, swali lilikuwa moja tu, je sindano moja yatosha? Ikatosha. Hata wale waliochomwa chanjo ya meninjaitisi (homa ya uti wa mgongo) ili kulinganisha, baadaye walipewa ya HPV. Matokeo yakatoka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) wakaikubali dozi moja mwaka huo huo, na 2023 Uingereza nao wakahamia dozi moja. Kwa hivyo jibu lilitoka kwetu likawafaa na watoto wa huko.

Ukiletewa fomu ya kushiriki utafiti dada yangu usikimbie, uliza: sampuli zangu zaenda wapi, kamati gani ya maadili imepitisha, nikitaka kujitoa je? Wasipokueleza ukaelewa, usisaini.

Mimi kinachoniuma ni matibabu kuwa mbali, mgonjwa hoi apanda boti mpaka Mokowe halafu basi mpaka Mombasa kufuata mionzi, hilo ndilo la kuwapigia kelele viongozi wetu.