Jamani, mfupa kukatwa siyo mtu kuliwa

Nimetumiwa tena ile habari ya muundi (mfupa wa mguu, chini ya goti) wenye alama za kukatwa uliopatikana Koobi Fora, Kenya, na kichwa cha habari ni kilekile, eti babu zetu walikuwa wanakulana. Kila anayejua kwamba kazi yangu ni kukaa na hadubini nachungulia mifupa ya kale anaona lazima anitumie, tena na vikatuni vya kucheka juu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja, anayetaka asome.

Huo muundi namba yake ni KNM-ER 741, una kama miaka milioni 1.45. Mary Leakey aliupata mwaka 1970 upande wa Ziwa Turkana, ukakaa makumbusho Nairobi miaka na miaka mpaka mtafiti Briana Pobiner alipoushika, naye alikuwa anatafuta alama za meno ya wanyama wala nyama, visu hata hakuwa navyo akilini. Akakuta alama 11, tisa za jiwe lenye makali na mbili za meno ya paka mkubwa, inawezekana simba. Ripoti ikatoka 2023. Sasa twende taratibu. Hizo tisa ziko pale msuli wa nyuma ya mguu unaposhikana na mfupa na zote zimeelekea upande mmoja, kwa hiyo kuna mtu alikuwa ananofoa nyama, hilo sina ubishi nalo. Ila muundi ni wa kiumbe gani? Hatujui, maana enzi zile pale palikuwa na spishi zaidi ya moja za ukoo wetu. Na mkataji je? Naye hatujui. Kula mwenzako maana yake mlaji na mliwa ni spishi moja, na hapa hatuna mlaji, hatuna mliwa, tuna makali tu. Pobiner na wenzake walilisema hili wazi kabisa, wenye njaa walikuwa ni waandishi wa vichwa vya habari.

Alama ya kukata inakwambia kitu kimoja: mwenye kifaa chenye makali aliufikia mfupa huu ukiwa bado na nyama au kano. Basi, hakuna kingine. Zimekuwepo jamii nyingi zilizokuwa zinatoa nyama kwenye maiti ili zizike mifupa mitupu, na hizo alama ukiziangalia haraka haraka utaapa ni za buchani. Ndiyo maana huwa hatuangalii kitu kimoja. Mfupa ulipasuliwa ukiwa mbichi, na una kovu la kugongwa na jiwe ili uboho utoke? Anayezika hana shida na uboho. Makato yako kwenye minofu iliyonona au kwenye viungo tu? Na kubwa kuliko yote, ambalo watu wanaliruka kila siku hadi linanipandisha presha, mifupa ya wanyama iliyo tabaka lilelile ilifanywaje? Pale Moula-Guercy, Ufaransa, miaka kama 100,000 iliyopita, Waneandathali (binadamu wa kale wa Ulaya, jamaa zetu wa karibu) wasiopungua sita na kulungu wamekatwa palepale, wamepasuliwa kwa mbinu ileile, wametupwa pamoja bila ubaguzi. Gran Dolina kule Atapuerca, Hispania, ni hivyohivyo, na huko tunaongelea kama miaka 800,000. Hizo mbili nakubali, waliliwa. Krapina ya Kroatia, iliyotangazwa ya wala watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mimi siichukui kirahisi, baadhi ya alama zake zinaelekea zaidi kwenye maandalizi ya maziko. Na lile fuvu la Monte Circeo, Italia, lililopatikana 1939, wasomi wazima walijenga stori nzima ya ibada ya kula ubongo, fuvu limewekwa kwa heshima katikati ya duara la mawe, kumbe fisi. Nusu karne ya ibada, mwisho wake fisi!

Halafu kuna jambo vitabu vinalipita kimya kimya. Alama za meno ya binadamu tunazitambua kwa tabu sana, mbwa na nguruwe wanatuchanganya, na nimeshaona wataalamu wawili wazuri kwenye hadubini moja, mmoja anaona kisu, mwingine anaona mfupa uliokanyagwa na kwato juu ya mchanga wenye vijiwe. Ukitaka ushahidi usio na longolongo, uko Cowboy Wash, Colorado, Marekani, wa mwaka 1150 hivi, na ni kinyesi kilichokauka. Kilichapishwa mwaka 2000, ndani yake wakapima wakakuta mioglobini ya binadamu, ambayo ni protini ya misuli ya viungo na moyo, kwenye ukuta wa utumbo haimo, kwa hiyo haikutoka kwa mwenye kinyesi mwenyewe. Nyama ya mtu ilipita mle, mjadala umefungwa. Lakini hata hapo, aliyekula ni mwenyeji au mvamizi? Kinyesi hakina kitambulisho.

Haya, tuseme wameliwa kweli. Linalofuata siku zote ni "njaa hiyo". Aisee. Mtafiti James Cole alipiga hesabu mwaka 2017: misuli ya mwanamume mzima ina kama kalori 32,000, ya mamothi (tembo wa kale mwenye manyoya) milioni 3.6. Kumwinda mwenzako mwenye mkuki na akili kama zako kwa ajili ya hizo 32,000 ni biashara ya hasara. (Hesabu hiyo nayo ina tundu, aliyekufa mwenyewe huhitaji kumwinda, ila tuiache.) Pango la Gough's Cave, Somerset, Uingereza, miaka kama 14,700 iliyopita, farasi na kulungu wamejaa pangoni, na bado watu wameliwa, mafuvu yamechongwa yakawa vikombe, mfupa mmoja wa mkono umechorwa mistari ya kupinda-pinda halafu ndiyo ukavunjwa kutoa uboho. Mwenye njaa anakaa kuchora kwanza? Na shimo la Charterhouse Warren, hukohuko Somerset, watu wasiopungua 37 wa enzi ya shaba, waliuawa, wakakatwakatwa, dalili za kuliwa zipo, na mifupa ya ng'ombe imezagaa shimo hilohilo. Ile inanukia hasira, chuki. Njaa ya kweli ipo, Jamestown, Virginia, msimu wa baridi wa 1609 hadi 1610, ambako binti wa miaka kama 14 aliliwa. Ila njaa yake tumeijua kwa maandishi ya walionusurika, mifupa peke yake isingetwambia.

Na kuhusu nani anasingiziwa, mtanisamehe nitaenda mbio. 1503 malkia Isabel wa Castile aliruhusu Wakaribi, wenyeji wa visiwa vya Karibi, wafanywe watumwa kwa hoja kwamba wanakula watu, mnaona tuhuma ilivyokuwa na faida. Wakati huo na karne zilizofuata wagonjwa wa Ulaya wananunua unga wa maiti zilizokaushwa kama dawa, na mfalme Charles II wa Uingereza anakunywa matone ya fuvu la mtu, na hakuna aliyemwita mla watu. Mwaka 1854 Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya barafu ya Kanada, walimwambia mpelelezi John Rae kwamba mabaharia wa Franklin, Waingereza waliopotea huko na meli zao, walikulana, na mwandishi Charles Dickens akawatukana Wainuit kwenye jarida lake. Miaka ya 1990 mifupa ikakutwa na makato, na 2024 DNA ikaonyesha taya moja lililokatwa ni la nahodha James Fitzjames. Wainuit walisema kweli tangu siku ya kwanza.

Kinachoninyima usingizi ni Wafore wa Papua New Guinea na Wawari' wa Brazil. Hawa walikula maiti za watu wao wenyewe kwa majonzi, Wawari' waliona ni ukatili kumwacha mpendwa aoze kwenye udongo wa baridi. Wafore iliwaletea kuru, ugonjwa wa ubongo, na waliokufa zaidi ni kina mama na watoto maana ndio waliokula sehemu kubwa, ubongo ukiwemo. Sasa chukua mfupa wa baba aliyeliwa na wanawe wakilia na mfupa wa adui aliyeliwa kwa kudhalilishwa, uniwekee mezani bila maelezo. Yote miwili imekatwa, imepasuliwa. Mimi siwezi kuitofautisha kwa uhakika, na wenzangu wanaosema wanaweza bado nasubiri wanionyeshe wanafanyaje.